Kabla Hujanunua "Nano", Uliza Inazimwa na Nini

Mwamshe mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu saa nane usiku, umuulize kichocheo ni nini. Kabla hajafungua macho vizuri atakuwa ameshajibu: ni kitu kinachobadilisha kasi ya mmenyuko wa kikemikali, na chenyewe mwishoni kinabaki vile kilivyokuwa. Alama mbili. Anarudi kulala.

Wasee, kwa mtihani hilo jibu liko sawa. Kwa maisha ni nusu tu. Ile nusu nyingine ndiyo inafanya uwe mtu anayesoma hii saa hii badala ya kuwa supu. Leo nataka tuongee kuhusu hiyo nusu, kwa sababu mbili. Ya kwanza, kuna wanakemia wanaoitafuta kwa taa na punje za dhahabu, na kazi yao ni tamu kuliko vile tulivyofundishwa. Ya pili, kuna watu huku kwetu wanachukua jina la kazi hiyo na kuwauzia wazazi wetu, na hata hawajui linamaanisha nini.

Nitasema msimamo wangu mapema, ndio usiseme nilikuzungusha: kwenye kemia ya uhai, spidi ndiyo rahisi. Ngumu ni breki.

Kumbuka majaribio mawili ya shule. La kwanza ni lile la kutengeneza oksijeni: unga mweusi wa oksidi ya manganizi, unaumwagia haidrojeni peroksidi, mapovu yanaanza. La pili ni la biolojia: kipande cha maini kutoka kwa bucha, peroksidi ileile, povu linapanda hadi linamwagika mezani. Ndani ya yale maini kuna enzaimu inaitwa katalesi, na molekuli yake moja inaweza kuvunja mamilioni ya molekuli za peroksidi kwa sekunde moja tu. Manze, mamilioni. Hapo ndipo mwalimu wengi wetu walifikia. Enzaimu ni kichocheo cha mwili, ina kasi sana, funga daftari.

Lakini fikiria pepsini, enzaimu ya tumboni inayokata protini. Tumbo lenyewe ni nyama, na nyama ni protini. Kwa nini halijili? Kwa sababu mwili hautengenezi pepsini ikiwa tayari imenolewa. Unaitengeneza ikiwa imefunikwa, kama kisu ndani ya ala, na asidi ya tumboni ndiyo inaivua. Kongosho nalo linatengeneza enzaimu zake za kukata protini zikiwa zimefungwa hivyohivyo, halafu zinafunguliwa zikishafika kwa utumbo. Zikifunguka mapema zikiwa bado ndani ya kongosho, kongosho linaanza kujimeng'enya, na huo ni ugonjwa mbaya unaoweza kuua mtu.

Fikiria damu. Saa hii ndani ya mishipa yako kuna protini za kugandisha damu, zimelala. Ukijikata kidole ukimenya vitunguu, zinaamka pale pale kwa kidole, zinaziba, halafu zinatulizwa. Zikiamka mwili mzima kwa pamoja, hiyo siku umeisha. Zisipoamka kabisa, umeisha pia. Afya yako yote imekaa katikati ya hayo mawili.

Kuna mbinu nyingine ya mwili naipenda sana. Enzaimu kadhaa zinapanga foleni, kila moja inampa mwenzake kazi, mpaka kitu fulani kinatoka mwishoni. Kile kitu kikizidi, kinarudi nyuma na kumziba fundi wa kwanza kwenye foleni: zimetosha, tulia. Kikipungua, kinamwachilia, kazi inaendelea. Hakuna meneja hapo. Bidhaa yenyewe ndiyo inaendesha kiwanda.

Sasa linganisha na ule unga mweusi wa manganizi. Uumwagie peroksidi, utafanya kazi hadi peroksidi iishe, utake usitake. Hausikii kitu. Ndiyo tofauti ninayoizungumzia. Unga ni kichocheo. Enzaimu ni kichocheo kinachosikiliza.

Basi twende kwa hao watu wa taa.

Mwaka 2004, watafiti wa Italia walichukua chembe ndogo za dhahabu, wakazivalisha molekuli fulani, na wakaonyesha kwamba zinaweza kufanya kazi inayofanana na ya enzaimu zinazokata RNA. Wakaziita nanozaimu. Mwaka 2007, watafiti wa China wakaonyesha kwamba chembe za oksidi ya chuma zinaweza kuiga enzaimu nyingine, peroksidesi. Kutoka hapo wanasayansi wengi wakaingia huo mchezo.

Nano ni kipimo tu, si jini. Nanomita moja ni mita moja ukiigawa mara bilioni. Unywele wako una upana wa kama nanomita 80,000. Chembe ya dhahabu ya nanomita mbili ina atomu mia chache hivi. Dhahabu inapendana na salfa, kwa hivyo ukiipa molekuli zenye mkia wa salfa, zinajishika juu yake zenyewe, kama manyoya ya rambutan. Kwenye ncha ya kila unyoya mwanakemia anaweka anachotaka. Wale wa Italia waliweka ayoni za zinki. Zinki mbili zikikaa jirani zinashirikiana kukata kifungo ambacho moja peke yake ingehangaika nacho. Enzaimu nyingi za kiasili nazo hutumia ayoni za metali kwa kazi ya aina hiyo.

Na kama unadhani chembe za dhahabu ni mambo ya ulaya tu, enda zahanati yoyote ya huku kanda ya ziwa. Ule mstari mwekundu kwenye kipimo cha haraka cha malaria, mara nyingi rangi yake ni chembe za dhahabu. Kile cha ujauzito pia, mara nyingi. Kwa hivyo kuna wengi hapa walioshtuliwa na nano bila kujua.

Sawa, spidi ipo. Breki je?

Hapa ndipo taa inaingia. Unaikumbuka methyl orange, ile indiketa ya maabara? Iko kwenye familia ya rangi zinazoitwa azo, ndilo kundi kubwa kuliko yote la rangi za viwandani. Ndugu yake wa karibu anaitwa azobenzini. Mwaka 1937 mwanakemia Hartley aligundua kwamba azobenzini ina maumbo mawili. Moja limenyooka kama mguu wa mtu aliyesimama, lingine limekunjwa kama mguu wa aliyechuchumaa. Ukiipiga mwanga wa urujuanimno inakunja. Ukiipiga mwanga wa buluu, au ukiiacha tu kwa joto la kawaida, inanyooka tena. Inakunja, inanyooka, mara nyingi sana kabla ya kuchoka.

Wadada, hiyo taa mnaijua. Taa ya saluni ya kukausha gel ya kucha inatoa mwanga wa aina hiyohiyo, nanomita 365 hadi 405 hivi. Ukiingiza mkono, mwanga unawasha mmenyuko na gel inakuwa ngumu. Hiyo tayari ni kemia inayoongozwa na taa, kwa bei ya saluni ya mtaani. Lakini ni ya kwenda tu. Hakuna taa ya pili ya kurudisha gel iwe maji. Utakwaruza ama utatafuta asetoni. Azobenzini inaenda na kurudi. Swichi ya kweli ni ile inayorudi.

Na kabla hujasema huu ni uchawi wa wazungu, macho yako yanafanya hivyo hivi sasa. Nyuma ya jicho kuna molekuli inaitwa retinali. Mwanga ukiigusa, inabadilika kutoka umbo lililokunjwa hadi lililonyooka, inasukuma protini iliyoishikilia, na hapo enzaimu zinaamshwa mpaka ubongo unapata habari. George Wald alipata tuzo ya Nobel mwaka 1967 kwa kazi ya mambo hayo ya macho. Yaani kila herufi unayoisoma hapa imepitia kwa molekuli inayonyooshwa na mwanga. Wanakemia wanaiga kitu ambacho umezaliwa nacho.

Sasa unganisha dhahabu na azobenzini. Nitakupa mifano mitatu, kisha uone vile inagombana.

Wa kwanza, mwaka 2010, kikundi cha Bartosz Grzybowski, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Walivalisha chembe za dhahabu azobenzini. Wakiwasha urujuanimno, molekuli zinakunja, chembe zinaanza kuvutana na kushikana mafungu mafungu. Dhahabu iliyojificha ndani ya fungu haifikiki, kwa hivyo kazi ya uchocheaji inazima. Wakiwasha mwanga wa kawaida, mafungu yanaachana na kazi inaanza tena.

Wa pili, mwaka 2016, kikundi cha Rafal Klajn katika Taasisi ya Weizmann, Israeli. Chembe tena, azobenzini tena, mafungu tena. Lakini hapa walitumia nafasi ndogo zinazobaki katikati ya chembe zilizoshikana. Molekuli zingine zinanaswa humo kama abiria wa jioni kwa matatu, na kwa sababu zimebanana, zinakutana na kumenyuka haraka zaidi. Zima urujuanimno, mpe mwanga wa kawaida, fungu linafunguka na abiria wanashuka wakiwa wamebadilika.

Umeona? Kushikana kulekule. Kwa mmoja kumezima kazi, kwa mwingine kumeiongeza. Ndio maana siamini mtu anayeniambia chembe za nano "zina nguvu" halafu ananyamaza. Nguvu ya kufanya nini, zikiwa wapi, zimekaa vipi?

Wa tatu ndio mpenzi wangu. Mwaka 2017, kikundi cha Leonard Prins, Chuo Kikuu cha Padova, Italia. Wao hawakuzisogeza chembe kabisa. Walichukua chembe za dhahabu zenye zinki, wakaweka pembeni molekuli ndogo yenye azobenzini inayopenda kukaa pale pale kwenye zinki, kazini. Ikikaa, inazuia. Umbo lake moja linazuia zaidi kuliko lingine. Kwa hivyo ukibadilisha taa unabadilisha kiasi cha kizuizi, na mmenyuko unapanda au unashuka. Na ilifanya kazi ndani ya maji, si ndani ya kemikali za kuunguza pua. Hiyo ni muhimu kwa sababu wewe na mimi ni maji.

Kwa nini naipenda? Kwa sababu inafanana sana na ile foleni ya mafundi niliyokuambia. Fundi habadilishwi. Kuna mtu mdogo anayekuja kukaa kwa kiti chake, na hali ya nje ndiyo inaamua atakaa kwa nguvu kiasi gani. Ukiweka mifumo kadhaa ya hivyo ndani ya chupa moja, bidhaa ya mmoja ikiwa kizuizi cha mwingine, unaanza kupata kemikali zinazojirekebisha kulingana na mazingira. Haziko hai. Lakini zimeanza kusikiliza.

Sasa, mimi si shabiki wa kupiga makofi tu. Hizi kazi ni za maabara. Urujuanimno unaumiza seli na haupiti mbali ndani ya mwili. Jaribu hivi: ingia gizani, weka kidole juu ya tochi ya simu. Kidole kinawaka nyekundu. Rangi zingine zimemezwa, nyekundu ndiyo imepenya. Ndio maana wanakemia wanahangaika kutengeneza swichi zinazosikia mwanga mwekundu. Pia kuna suala la chembe zenyewe: zikiingia kwa damu, nyingi huishia kwenye ini na wengu, na lazima ujue zitakaa huko muda gani na zitafanya nini. Na breki zenyewe bado hazibani kabisa. Mara nyingi ni kupunguza moto, si kuuzima. Watafiti wanaandika hayo mapungufu wenyewe, kwenye karatasi zao, kwa majina yao. Kumbuka hilo, kwa sababu sasa nakuja kwa wale wengine.

Shangazi yangu ana kisukari. Amekuwa na kisukari tangu niko shule ya msingi, na amekuwa akimeza vidonge vyake vizuri. Mwaka jana mtu fulani kwa kikundi chao cha akina mama akamuuzia matone. Lebo imeandikwa "dhahabu ya nano". Chupa ndogo kama ya dawa ya macho, bei ni ya kodi ya nyumba ya mtu. Akaambiwa yanaongeza kasi ya seli, seli zikipata kasi zinakula sukari zenyewe, vidonge havihitajiki. Shangazi si mjinga. Ni mwanamke aliyesomesha watoto wanne kwa kibanda cha mboga. Lakini ni nani angemwambia? Neno "nano" lilikuwa na sura ya hospitali, na mwenye kuuza alikuwa na tabasamu ya kanisa. Wiki tano baadaye tulimbeba kwa teksi akiwa hajielewi. Alilazwa siku sita. Amepona, yuko nyumbani, amerudi kwa vidonge. Zile doo hazikurudi.

Nikikaa na hiyo stori, kinachonichoma ni kwamba maneno yale yalikuwa ya kinyume kabisa. Kisukari hakiletwi na seli kukosa spidi. Ni shida ya mawasiliano: sukari inapanda kwenye damu, mwili unatakiwa kutoa insulini, seli zinatakiwa kuisikia, sukari inashuka, insulini inapungua. Ni mzunguko wa kusikilizana, na kwa shangazi mzunguko huo umelegea. Ukimwambia mtu wa hivyo kwamba dawa ni "kuongeza kasi", ni kama gari limekatika breki na wewe unamuuzia dereva petroli.

Kwa hivyo nimetengeneza swali moja, na nataka ulibebe. Mtu akikuletea kitu cha nano, au cha kwantamu, au cha nguvu yoyote ya ajabu, usimuulize kinafanya nini. Hapo ana majibu mia. Muulize: kinazimwa na nini? Kikianza kufanya kazi, kinajuaje pa kufanyia? Kikizidi, nini kinatokea? Kinatoka vipi mwilini?

Dawa ya kweli ina majibu. Panadol ina kiwango cha mwisho kwa siku, na ukipitisha inaharibu ini. Insulini ikizidi sukari inashuka vibaya, na karatasi yake inakuambia ufanye nini. Kitu chenye nguvu ya kweli huwa na upande wa hatari unaojulikana. Anayekuambia chake hakina madhara yoyote, kwa kiwango chochote, kwa mtu yeyote, amekuambia bila kujua kwamba hakifanyi chochote. Ama kwamba yeye hajui kinafanya nini, na hiyo ni mbaya zaidi. Na kama bado unasitasita, Bodi ya Famasia na Sumu ndiyo inasajili dawa hapa Kenya. Uliza jina la ile dawa huko kabla mzazi hajatoa pesa.

Najua kuna mtu anasema: wewe uliacha chuo mwaka wa pili, unatufundisha kemia na nani? Ni kweli niliacha, karo ilikata. Lakini angalia nilichotumia leo. Oksijeni ya kidato. Maini ya bucha. Methyl orange. Taa ya kucha. Tochi ya simu. Hakuna kitu hapo ambacho hukuwa nacho tayari. Sayansi mpya kabisa ya dunia imejengwa juu ya vitu ulivyovikariri ukavitupa siku ya mtihani wa mwisho, kwa sababu hakuna aliyekuonyesha vinaelekea wapi. Tulifundishwa kichocheo kwa Kiingereza, tukakijibu kwa Kiingereza, na tukarudi nyumbani bila maneno ya kumweleza shangazi.

Hiyo ndiyo pengo anayoingilia muuza matone. Yeye anaongea na mama zetu kwa lugha yao, polepole, jioni, na chai mkononi. Sisi tunaojua tofauti ya kichocheo na petroli tuko kwa simu tukicheka klipu. Kama wewe umeelewa hii habari hadi hapa, basi tayari unajua kumshinda huyo mtu kwa swali moja. Jumapili hii ukienda nyumbani, angalia kile kabati cha juu ambapo mzazi wako anaweka dawa. Soma lebo zote. Ukikuta chupa ya miujiza, usimfokee. Kaa chini, mwambie kuhusu kisu na ala yake, mwambie kuhusu damu inayojua mahali pa kuganda. Halafu mwulizeni muuzaji pamoja.